Dawa za kupanua mirija ya hewa: Zinachoyafanyia mapafu na zisichoweza kufanya

ALFAJIRI katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, huanza na moshi. Kabla jua halijachomoza, wauzaji wa chapati na mandazi wa Kayole, Huruma na Kariobangi huwa wamekwisha kuwasha majiko ya makaa kando ya barabara. Matatu zinanguruma katika vituo vya Umoja na Dandora, na katika vyumba vingi vya kupanga chai inachemshwa kwa stovu ya mafuta taa huku mlango ukiwa umefungwa kwa sababu ya baridi.

Ni wakati huo ambapo baadhi ya wakazi, aghalabu waliopita umri wa miaka 40, huketi kitandani wakikohoa hadi makohozi yalegee. Wakipanda ngazi za nyumba za ghorofa hulazimika kusimama kila orofa ili wapate pumzi. Wengine wana kopo dogo la rangi ya samawati mfukoni, ambalo mitaani huitwa pampu au inhela, na huamini kwamba kila wanapolibonyeza wanayatibu mapafu yao.

Imani hiyo ina ukweli, ila si wote. Dawa iliyomo ndani ya kopo hilo hufungua njia za hewa kwa saa chache, na kwa mtu anayehema huo ni msaada mkubwa. Hata hivyo, haiyarudishi mapafu yaliyokwisha kuharibika, wala haiuzuii moshi kuendelea kuyala.

Kutoielewa tofauti hiyo huwaumiza wagonjwa wa aina mbili. Kuna wanaoendelea kuvuta sigara au kupika ndani ya moshi wakidhani pampu inawakinga. Kuna pia wanaoitupa dawa baada ya miezi michache kwa kuwa haikuwaponya. Wote hupoteza pumzi ambayo wangeweza kuihifadhi.

Ugonjwa wenyewe

Maradhi yanayozungumziwa hapa ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao katika kadi za hospitali huandikwa kwa kifupi COPD. Mirija ya mapafu hupungua upana, na hewa hushindwa kutoka kwa kasi inayofaa.

Ndani ya jina hilo moja mna madhara mawili ambayo mara nyingi huandamana. La kwanza ni bronkitisi sugu: kuta za mirija huvimba, hunenepa na kutoa makohozi mengi. La pili ni emfisema, ambapo kuta za vifuko vidogo vya hewa huraruka. Vifuko hivyo, ambavyo katika mapafu ya mtu mzima ni mamia ya mamilioni, ndimo oksijeni inamoingia katika damu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba ugonjwa huu uliwaua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kuufanya kuwa wa nne miongoni mwa visababishi vya vifo duniani. Kwa watu walio chini ya umri wa miaka 70, karibu asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Katika nchi tajiri, sigara ndiyo chanzo cha zaidi ya asilimia 70 ya visa. Katika nchi kama zetu, shirika hilo linasema, sigara huchangia asilimia 30 hadi 40 pekee, na moshi wa majumbani ni miongoni mwa visababishi vikuu.

Jirani zetu wa Uganda walituonyesha ukubwa wa tatizo hilo. Katika utafiti uliofanywa wilayani Masindi na kuchapishwa mwaka 2015, watu 588 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 walipimwa mapafu, na asilimia 16.2 wakapatikana na ugonjwa huu. Wengi wa waliopimwa walikuwa wakiishi katika nyumba zinazopikia kuni na makaa.

Masindi ni mashambani, lakini moshi haubagui mji na kijiji. Katika mitaa ya zamani ya Eastlands kama Kaloleni, Bahati na Maringo, na katika vyumba vya mabati vya Korogocho na Viwandani, si ajabu kwa familia kupika, kula na kulala katika chumba kimoja. Nje kuna vumbi la mbao la Gikomba, moshi wa wachomeaji vyuma wa Kamukunji na Kariobangi, na moshi wa magari ya Jogoo Road na Juja Road.

Kisha kuna jaa la taka la Dandora, lililoanza kutumiwa katika miaka ya 1970 na ambalo takataka zake huungua mara kwa mara. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na maradhi ya njia za hewa. Uchunguzi huo haukuhusu COPD, ambao ni ugonjwa wa watu wazima, lakini mapafu yanayoumizwa utotoni huingia utu uzima yakiwa na akiba ndogo.

Kifua kikuu nacho kina sehemu yake. Mtu anaweza kumaliza dawa za kifua kikuu na vimelea vikafa, lakini makovu yaliyobaki yakaikunja na kuiziba mirija. Miaka kadhaa baadaye huanza kuhema, na kwa kuwa historia yake inajulikana, huenda akatibiwa tena kifua kikuu ambacho hana.

Jinsi hewa inavyonaswa

Wengi hudhani kwamba mgonjwa huyu anashindwa kuvuta hewa. Kwa hakika shida yake kubwa ni kuitoa.

Katika mapafu mazima, kuta za vifuko vya hewa zina unyumbufu kama mpira. Mtu akivuta pumzi hutanuka, na akiitoa hujikunyata zenyewe na kuisukuma hewa nje. Kuta hizo pia huishikilia mirija midogo pande zote, kama kamba za hema, ili isiporomoke wakati hewa inapotoka.

Emfisema inapozirarua kuta hizo, mpira hulegea na kamba za hema hukatika. Mgonjwa anapotoa pumzi, mirija midogo, hasa ile yenye upana usiozidi milimita mbili, hujifunga kabla hewa yote haijatoka. Uvimbe na makohozi huongeza kizuizi. Hewa chakavu hubaki ndani.

Mfano wake ni matatu iliyofika kituoni saa za msongamano huku mlango umebana. Abiria wa ndani wasiposhuka, wa nje hawawezi kupanda, hata wakisukuma kwa nguvu kiasi gani. Kifua cha mgonjwa kimejaa, na bado anatafuta hewa.

Msomaji mwenye afya anaweza kuionja hali hiyo kwa nusu dakika. Vuta pumzi hadi kifua kijae kabisa, toa kidogo tu, kisha vuta tena juu ya ile iliyobaki. Endelea hivyo mara kadhaa. Utahisi mbavu zimekaza na pumzi haishuki. Mgonjwa wa COPD huishi hivyo kila anapopanda ngazi, kwa sababu anapoharakisha kupumua hupungukiwa na muda wa kutoa hewa, na kila pumzi huacha nyingine ndani.

Dawa zinavyofanya kazi

Kuizunguka mirija ya hewa kuna misuli laini ambayo hatuiamrishi kwa hiari. Ikikaza, mirija hubana, ikilegea, hupanuka. Dawa za kupanua mirija huilenga misuli hiyo. Haziyeyushi makohozi, haziui vimelea, na wala haziziungi kuta zilizoraruka.

Kuna njia mbili kuu za kuilegeza. Majina ya dawa yameandikwa hapa kama yanavyosomeka kwenye paketi ili msomaji aweze kuyatambua.

Njia ya kwanza ni kuiga adrenalini, kemikali ambayo mwili huitoa mtu anaposhtuka. Misuli ya mirija ina vipokezi viitwavyo beta-2, na dawa ikivigusa misuli hulegea. Salbutamol ni ya kundi hili. Iligunduliwa Uingereza katika miaka ya 1960 na kuanza kuuzwa mwaka 1969 kwa jina la Ventolin. Huanza kufanya kazi katika muda wa dakika tano hivi na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Formoterol na salmeterol ni za ukoo huohuo, ila hudumu takriban saa 12.

Njia ya pili ni kuzuia amri ya kubana. Neva itokayo kwenye ubongo huachilia kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huiambia misuli ikaze. Dawa za kundi hili huziba vipokezi vya kemikali hiyo, kwa hivyo amri hufika na kukuta mlango umefungwa. Ipratropium hudumu saa sita hadi nane. Tiotropium hudumu siku nzima, na mwaka 2019 WHO iliiongeza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu.

Kundi hili la pili lina mizizi ya kale. Mmea ambao kwa Kiswahili huitwa mnanaha una atropini na kemikali za jamii yake, na katika nchi nyingi, India ikiwa mojawapo, watu walivuta moshi wa majani yake ili kifua kifunguke. Mmea huo ni sumu: kiasi kidogo tu huweza kumfanya mtu aweweseke, apoteze fahamu au afe. Wanasayansi walibadilisha muundo wa atropini ili dawa ibaki mapafuni na isienee sana mwilini. Kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kurudia majani hayo leo.

Makundi haya mawili hufanya kazi kwa njia tofauti, kwa hivyo huweza kutumiwa pamoja. Kwa mgonjwa anayehema kila siku, madaktari hupendelea dawa za muda mrefu, moja au mbili kwa pamoja, huku salbutamol ikiwekwa akiba kwa wakati wa kubanwa.

Pumzi inayopatikana

Faida ya kwanza ya dawa hizi ni kuwa mlango wa matatu hufunguka kidogo na abiria wa ndani wakashuka. Hewa iliyonaswa hupungua, kifua hushuka, na nafasi ya kuvuta hewa safi huongezeka.

Jambo hili hueleza kitu ambacho huwashangaza wagonjwa na hata baadhi ya wahudumu. Kipimo cha kupuliza huweza kuonyesha mabadiliko madogo tu baada ya dawa, lakini mgonjwa akasema anatembea vyema zaidi. Hasemi uongo. Kipimo kile hupima kasi ya hewa katika sekunde ya kwanza, ilhali nafuu anayoihisi inatokana na kupungua kwa hewa iliyosongamana.

Daktari Denis O'Donnell wa Kanada na wenzake walilionyesha hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Wagonjwa waliopewa tiotropium kwa wiki sita waliweza kuendesha baiskeli ya mazoezi kwa muda mrefu zaidi, takriban moja ya tano, kuliko wenzao waliopewa dawa bandia.

Faida nyingine ni kupungua kwa mashambulio, yaani zile siku ambazo kikohozi, makohozi na kuhema huzidi ghafla hata mgonjwa akapelekwa hospitalini. Katika utafiti mkubwa uitwao UPLIFT, uliowafuatilia wagonjwa 5,993 kutoka nchi 37 kwa miaka minne na kuchapishwa mwaka 2008, tiotropium ilipunguza mashambulio kwa asilimia 14. Kila shambulio hudhoofisha mwili, na huweza kuua, hivyo kupunguza idadi yake si jambo dogo.

Zisichoweza kufanya

Utafiti huohuo wa UPLIFT ulikuwa na swali kubwa zaidi: je, dawa hii inapunguza kasi ya mapafu kuchakaa? Jibu lilikuwa la kuvunja moyo. Waliotumia tiotropium walikuwa na pumzi zaidi tangu mwanzo hadi mwisho, kiasi cha mililita 87 hadi 103 katika sekunde ya kwanza kabla ya kuvuta dawa. Lakini mapafu yao yaliendelea kupungua kwa kasi ileile ya wenzao waliopewa dawa bandia.

Miaka 14 kabla ya hapo, mwaka 1994, utafiti wa Marekani na Kanada ulioitwa Lung Health Study ulikuwa umefikia hitimisho la namna hiyo. Ulihusisha wavutaji sigara 5,887 waliokuwa na dalili za mwanzo za mirija kuziba. Ipratropium iliongeza pumzi kidogo, na ilipoachwa nyongeza hiyo ikatoweka. Haikugusa mwendo wa ugonjwa.

Kilichougusa ni kuacha sigara. Watu hao walipofuatiliwa kwa miaka 11, wanaume walioacha kabisa walikuwa wakipoteza takriban mililita 30 za pumzi kwa mwaka, kiasi kinachokaribia kile cha uzee wa kawaida. Walioendelea kuvuta walipoteza mililita 66. Kwa wanawake tofauti ilikuwa ya mililita 22 kwa 54.

Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2017 uliongeza tumaini kidogo. Ulihusu wagonjwa 841 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mchanga, wengi wakiwa na dalili chache. Baada ya miaka miwili, vipimo vilivyochukuliwa baada ya kuvuta dawa ya kupanua mirija vilionyesha kuwa waliotumia tiotropium walipoteza mililita 29 kwa mwaka, na waliopewa dawa bandia 51. Hata hivyo, vipimo vilivyochukuliwa kabla ya dawa havikuonyesha tofauti ya kutosha. Kwa hivyo kuanza matibabu mapema kuna manufaa, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba pampu inausimamisha ugonjwa.

Kwa mkazi wa Eastlands hesabu hii ina maana nzito. Pampu humpa pumzi ya leo. Pumzi ya miaka 10 ijayo hutegemea kama ameondoka kwenye moshi.

Si kila kuhema ni pumu

Dawa hizi pia husaidia kuutambua ugonjwa. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu katika mashine iitwayo spirometa, huvuta mikrogramu 400 za salbutamol, husubiri kama dakika 15, kisha hupuliza tena. Ikiwa hewa ya sekunde ya kwanza bado ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote aliyoitoa, njia zake zimeziba kwa namna ambayo dawa haikuweza kuirekebisha kikamilifu. Pamoja na dalili na historia ya moshi, hiyo ni COPD.

Mgonjwa wa pumu kwa kawaida huwa tofauti. Mara nyingi ugonjwa wake huanza utotoni au ujanani, huja na kuondoka, na mirija yake huweza kufunguka sana baada ya dawa. Kuvitofautisha si suala la majina tu. Msingi wa matibabu ya pumu ni steroidi za kuvuta zinazotuliza uvimbe, na ni hatari kwa mwenye pumu kutumia dawa ya muda mrefu ya kundi la beta-2 bila steroidi. Katika COPD msingi ni dawa za kupanua mirija, na steroidi huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa tu, kwa kuwa huweza kuongeza uwezekano wa nimonia.

Ndiyo maana haifai jirani kuazimana pampu na jirani, hata kama wote wanahema. Spirometa haipatikani katika kila zahanati, hivyo mgonjwa wa kituo cha mtaani aombe barua ya kutumwa hospitali kubwa. Asiridhike kutibiwa pumu au kifua kikuu mwaka baada ya mwaka bila kupimwa.

Tembe au pampu?

Katika maduka mengi ya dawa, salbutamol huuzwa pia kama tembe. Bei yake ni nafuu na watu wengi huiamini tembe kuliko kopo la kunyunyiza. Lakini hebu tufanye hesabu. Tembe moja ya miligramu nne ina mikrogramu 4,000. Mibonyezo miwili ya pampu ni mikrogramu 200. Tembe hiyo basi ina dawa mara 20 zaidi, na sehemu kubwa yake huzunguka mwili mzima badala ya kwenda mapafuni.

Matokeo yake ni mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na usingizi kutoroka, huku kifua kikifunguka polepole zaidi. Dawa ya kuvuta hutua pale inapohitajika.

Sharti ni kuivuta ipasavyo. Tikisa kopo, toa pumzi yote, kaza midomo kuzunguka mdomo wa pampu, anza kuvuta hewa polepole, na hapohapo bonyeza mara moja huku ukiendelea kuvuta. Zuia pumzi kwa sekunde 10 ukiweza. Subiri nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kubonyeza tena. Anayebonyeza kwanza na kuvuta baadaye huipaka dawa kooni na kuimeza.

Kwa wazee na watu wanaoshindwa kulinganisha vitendo hivyo viwili, kuna chombo kiitwacho spesa, ambacho hushikilia dawa hadi mtu aivute. Asiyeweza kukinunua ana njia nyingine. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti uliowahusu watoto wenye pumu. Walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuingiza pampu na kuzibwa kandokando, ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Mhudumu wa afya anaweza kumwonyesha mgonjwa jinsi ya kuitengeneza na kuitumia.

Inhela za unga, kama zile za baadhi ya dawa za muda mrefu, hazitumii chupa. Hizo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka.

Ni vyema pia kuhesabu mibonyezo. Kopo la kawaida la salbutamol lina 200. Anayetumia minane kwa siku atalimaliza kwa siku 25. Desturi ya kulitumbukiza kopo katika maji ili kuona kama linaelea haitegemeki. Kopo lisilo na dawa huweza kuendelea kutoa mvuke mtupu, na mgonjwa akadhani amejitibu.

Tahadhari

Dawa za kundi la beta-2 huweza kuleta mtetemeko, mapigo ya moyo ya kasi na kushuka kwa potasiamu mwilini. Wenye maradhi ya moyo wamweleze daktari kabla ya kuzianza. Ipratropium na tiotropium hukausha kinywa, na huweza kumzuia kukojoa mwanamume ambaye tezi dume limevimba. Mwenye glakoma ajihadhari zisimwingie machoni.

Kuna pia tembe za theophylline na dawa yake ndugu aminophylline, ambazo ni za zamani na bei yake ni ya chini. Tofauti kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni ndogo mno. Zikizidi husababisha kutapika, moyo kupiga ovyo na hata kifafa.

Rifampicin ya kifua kikuu huipunguza nguvu theophylline, ilhali ciprofloxacin na erythromycin huipandisha. Anayeacha sigara naye huhitaji kipimo kiangaliwe upya, kwa kuwa moshi ulikuwa ukiharakisha kuondolewa kwa dawa mwilini. Tembe hizi zisinunuliwe kiholela.

Mgonjwa akimbizwe hospitalini pindi pampu isipomsaidia kama kawaida, akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, midomo ikigeuka rangi ya samawati, au akianza kusinzia na kuchanganyikiwa. Anayekohoa damu au kupungua uzani apimwe kifua kikuu hata kama anajulikana kuwa na COPD.

Mambo yanayoandamana na dawa

La kwanza ni kuondoa moshi. Kwa mvutaji, kuacha sigara kunashinda dawa yoyote iliyotajwa hapa. Kwa anayepika kwa makaa au mafuta taa, gesi ni bora. Asiyeweza kuimudu apeleke jiko nje au mlangoni, afungue dirisha, na asiliingize jiko linalowaka chumbani usiku ili kuota moto. Moshi hudhuru mapafu taratibu, lakini hewa ya sumu itokayo kwenye makaa huweza kuua usiku mmoja.

La pili ni kutembea. Mgonjwa anayehema huogopa kujisogeza, misuli ya miguu hunyong'onyea, na siku inayofuata hatua chache humchosha zaidi. Dawa ivutwe kwanza, kisha atembee kwenye njia tambarare na kuongeza umbali kidogo kidogo.

La tatu ni jinsi ya kutoa pumzi. Mgonjwa avute hewa kupitia puani, kisha aitoe polepole kupitia midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Shinikizo hilo dogo huizuia mirija isijifunge mapema, na hewa iliyonaswa hupata muda wa kutoka. Hakuna gharama.

Chanjo za homa ya mafua na nimonia hupunguza maradhi yanayochochea mashambulio. Kwa wachache ambao damu yao imepungukiwa sana na oksijeni hata wakiwa wamepumzika, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1981 ulithibitisha kwamba kuvuta oksijeni kwa angalau saa 15 kwa siku hurefusha maisha.

Basi mzee wa Umoja aliyezoea kusimama kila orofa asiitupe pampu yake kwa kuwa haijamponya. Akiitumia ipasavyo, huenda akafika orofa ya nne kwa kusimama mara moja badala ya tatu, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini akifika nyumbani na kukuta stovu ya mafuta taa inafuka chumbani na dirisha limefungwa, alilolipata kwenye ngazi ataanza kulipoteza papo hapo. Afungue dirisha kwanza, ndipo aketi.